Benchi la Timu Kubwa au Uwanja wa Ligi ya Chini? Njia za Kumkuza Mchezaji Chipukizi

Kijana wa miaka 18 anapoitwa na timu kubwa, habari husambaa upesi. Jamaa hupiga simu, majirani hupongeza, na mzazi huona kwamba pesa alizotumia kwa viatu, nauli na ada za mafunzo hatimaye zimezaa matunda. Miezi michache baadaye, swali jingine huanza kuulizwa kwa sauti ya chini: mbona hachezi? Kijana anasafiri na timu, anavaa jezi yake na anafanya mazoezi na wachezaji mashuhuri, lakini siku ya mechi anakaa benchi au jukwaani.

Je, ni afadhali chipukizi awe mchezaji wa akiba katika timu ya ligi kuu, au ateremke ligi ya chini ambako atacheza kila wiki? Katika hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, vilabu vimekuwa vikilijibu swali hili kwa vitendo kwa miaka mingi, na matokeo yake yamewekwa wazi kwenye kumbukumbu za mchezo. Makala haya yanaeleza mfumo huo, faida na hasara za kila njia, na mambo ambayo mzazi, kocha na mchezaji wa hapa nchini anaweza kujifunza.

Mchezo na ngazi zake

Hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande, akiwemo kipa, wakiwa wamevaa viatu vya kuteleza na kusukuma kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Kwa kuwa mchezo huo una kasi na huchosha sana, wachezaji huingia na kutoka mara kwa mara, na kwa kawaida kila zamu haifiki dakika moja. Ndiyo maana dakika za kila mchezaji huhesabiwa kwa makini. Nyota anaweza kucheza dakika 20 katika mechi moja, ilhali mchezaji wa kundi la mwisho hupata dakika nane au kumi tu.

Ligi kuu ni NHL, yenye timu 32. Chini yake kuna AHL, ambayo pia ina timu 32, na kila timu ya NHL ina timu yake moja ya AHL inayoilea. Ligi hiyo ya chini ilianza mwaka wa 1936. Kwa hesabu za AHL yenyewe, karibu asilimia 90 ya wachezaji wa NHL wa siku hizi waliwahi kuichezea. Kwa hivyo kuteremshwa huko hakumaanishi kufukuzwa. Ni njia ambayo wengi wa waliofika juu wameipitia.

Timu ya NHL inaruhusiwa kusajili wachezaji 23 katika kikosi chake wakati wa msimu wa kawaida. Siku ya mechi huvaa jezi 20 pekee: wachezaji 18 wa uwanjani na makipa wawili. Hao watatu wanaobaki, hata wakiwa wazima, hutazama mechi kutoka jukwaani. Mara nyingi mmoja wao huwa kijana.

Ligi ya chini humpa nini kijana?

Kwanza, humpa dakika. Mchezaji ambaye angepata dakika nane katika timu kubwa anaweza kupewa mara mbili ya hizo katika timu ndogo. Pili, na pengine hili ni kubwa zaidi, humpa majukumu. Katika NHL, kijana wa kundi la mwisho huambiwa azuie, akimbie na asikosee. Katika AHL, kijana yuleyule hutumwa uwanjani timu inapokuwa na mtu mmoja zaidi baada ya mpinzani kuadhibiwa, au dakika ya mwisho bao linapotafutwa. Kufunga mabao katika hali kama hizo hakufundishwi kwa kutazama.

Tatu, humpa nafasi ya kukosea. Akipoteza kisahani na bao likafungwa, kocha anaweza kumrudisha uwanjani zamu inayofuata. Katika timu kubwa inayopigania kila pointi, kosa hilo moja linaweza kumkalisha benchi hadi mwisho wa mechi.

Nne, humpa muda wa mazoezi. Timu za AHL hucheza mechi 72 za msimu wa kawaida, na nyingi hupangwa mwishoni mwa wiki. Timu za NHL kwa miaka mingi zimecheza mechi 82, zikisafiri usiku kutoka mji hadi mji. Ratiba ya AHL huacha siku za katikati ya wiki kwa kazi ya polepole: kurekebisha namna ya kuteleza, kuimarisha mwili na kurudia jambo moja hadi lizoeleke.

Kanuni za AHL pia huwalinda vijana. Kati ya wachezaji 18 wa uwanjani katika kila mechi, angalau 13 lazima wawe wa daraja la kukuzwa. Kumi na wawili kati yao wawe hawajavuka mechi 260 za kulipwa, na mmoja asiwe amevuka 320. Wakongwe wachache wanaobaki wana kazi yao: kumwonyesha kijana jinsi mtu mzima anavyojitunza.

Benchi nalo lina faida

Isisemwe kwamba kukaa na timu kubwa ni hasara tupu. Mchezaji wa akiba hufanya mazoezi na wachezaji bora duniani kila siku. Huona wanavyokula, wanavyolala na wanavyojiandaa. Huizoea kasi ya ligi kuu, na nafasi ikipatikana ghafla kwa sababu ya jeraha, yeye yuko karibu.

Pia kuna pesa. Katika msimu wa 2024-25, mshahara wa chini kabisa wa NHL ulikuwa dola 775,000 za Marekani kwa mwaka. Mikataba ya vijana wengi huwa na viwango viwili, kimoja cha wakiwa juu na kingine cha wakiteremshwa AHL, na hicho cha pili kwa chipukizi huwa chini ya dola 100,000. Kwa familia iliyojinyima kwa miaka mingi, tofauti hiyo si ndogo, na kijana anayetaka kubaki juu hata bila kucheza hastahili kulaumiwa kwa haraka.

Tatizo ni kwamba faida za benchi hupungua upesi. Wiki ya kwanza kijana hujifunza mengi kwa kutazama. Wiki ya kumi hujifunza machache, na mwili wake umeanza kuusahau mwendo wa mechi. Mazoezi hayana presha ya mashabiki, hayana mpinzani asiyemjua, na hayana matokeo yanayohesabiwa.

Mfano wa Shane Wright

Mwaka wa 2022, timu ya Seattle Kraken ilimchagua Shane Wright wa Kanada akiwa wa nne katika uteuzi wa vijana wa NHL. Alianza msimu na timu kubwa akiwa na miaka 18. Wiki za kwanza alicheza dakika chache, na mechi kadhaa aliachwa nje kabisa.

Mnamo Novemba, Kraken ilimpeleka kwa muda mfupi Coachella Valley, timu yake ya AHL. Huko alifunga mabao manne katika mechi tano. Alirudi Seattle, na tarehe 6 Desemba 2022 akafunga bao lake la kwanza la NHL. Baada ya hapo aliruhusiwa kujiunga na timu ya vijana ya Kanada, akaiongoza akiwa nahodha na kutwaa ubingwa wa dunia wa chini ya miaka 20 mnamo Januari 2023. Kisha alirejeshwa katika ligi ya vijana kumaliza msimu. Kwa jumla, msimu huo alicheza mechi nane tu za NHL.

Msimu wa 2023-24 aliutumia zaidi katika AHL. Alicheza mechi 59, akafunga mabao 22 na kutoa pasi za mabao 25. Msimu uliofuata alipata nafasi ya kudumu Seattle: mechi 79, mabao 19 na pasi za mabao 25. Hata msimu huo, mnamo Novemba, aliwahi kuachwa nje kwa mechi tatu, kisha akarudi na kucheza vizuri zaidi.

Mfano huu unafundisha mambo mawili. Mwaka mmoja wa mechi halisi ulimfaa zaidi kuliko wiki za kukaa jukwaani. Vilevile, kukaa nje kwa siku chache, kwa sababu inayoeleweka na kwa muda unaojulikana, kunaweza kumsaidia mchezaji. Kinachomdhoofisha ni kukaa nje bila kujua mwisho.

Si kila kijana anapaswa kuteremka

Katika uteuzi huohuo wa 2022, Montreal Canadiens ilimchagua Juraj Slafkovský wa Slovakia akiwa wa kwanza. Timu ilimweka NHL moja kwa moja. Msimu wa kwanza alicheza mechi 39, akafunga mabao manne na kutoa pasi sita za mabao, kabla ya jeraha kumaliza msimu wake mnamo Januari. Wengi walisema angepelekwa AHL. Msimu uliofuata alicheza mechi zote 82, akafunga mabao 20 na kutoa pasi za mabao 30.

Kwa nini njia hiyo haikumharibu? Zipo tofauti zinazoonekana. Kabla ya kufika Montreal, Slafkovský alikuwa amekwisha kucheza na watu wazima katika ligi kuu ya Ufini, na akiwa na miaka 17 aliisaidia Slovakia kupata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Beijing ya 2022. Alikuwa na mwili mkubwa kuliko umri wake. Muhimu zaidi, Montreal ilikuwa inajenga timu upya na iliweza kuvumilia makosa yake. Hakuwekwa kama pambo la benchi. Alipokuwa mzima, alicheza.

Kwa hivyo jina la ligi peke yake halitoshi kuamua. Kinachomkuza kijana ni kucheza mara kwa mara, akiwa na kazi inayolingana na uwezo wake, chini ya kocha anayeweza kuvumilia makosa. Haraka haraka haina baraka, lakini pia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Anayeachwa ligi ya chini baada ya kuizidi nguvu hukosa changamoto, na anaweza kuanza kucheza kwa uzembe.

Kipa: mfano ulio wazi kuliko wote

Goli ni moja na kipa anayecheza ni mmoja. Kipa wa pili wa NHL anaweza kukaa majuma mawili bila kudaka hata mara moja. Ndiyo sababu vilabu vingi hukataa kumfanya kijana kuwa kipa wa akiba, na badala yake humsajili mkongwe kwa kazi hiyo.

Connor Hellebuyck alichaguliwa na Winnipeg Jets mwaka wa 2012 akiwa nambari 130. Msimu wa 2014-15 alicheza mechi 58 za AHL akiwa na timu ya St. John's IceCaps. Akiwa kipa wa akiba wa timu kubwa, asingekaribia idadi hiyo. Baadaye alitwaa tuzo ya kipa bora wa NHL mwaka wa 2020, 2024 na 2025, na mwaka wa 2025 akatajwa pia kuwa mchezaji wa thamani zaidi wa ligi nzima. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Timu nzima inaweza kupanda pamoja

Mwaka wa 2012, timu ya Norfolk Admirals, iliyokuwa ikilelea wachezaji wa Tampa Bay Lightning, ilishinda mechi 28 mfululizo na kutwaa Kombe la Calder, ambalo ni taji la AHL. Kocha wake alikuwa Jon Cooper. Miongoni mwa wachezaji walikuwa Ondřej Palát, aliyechaguliwa nambari 208, na Tyler Johnson, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote.

Mnamo Machi 2013 Cooper alipandishwa kuwa kocha wa Tampa Bay. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa NHL mwaka wa 2020 na 2021, Palát na Johnson wakiwa kikosini. Vijana hao walimkuta juu kocha aliyewajua tangu chini, na mbinu walizokuwa wamezizoea. Ligi ya chini hufaa zaidi pale timu mbili zinapofundisha mchezo mmoja na makocha wake wanazungumza kila wiki.

Kwa nini basi vilabu huwakalisha vijana benchi?

Sababu nyingine hazihusu uwezo wa mchezaji, na mzazi anafaa kuzijua.

Ya kwanza ni kanuni za kuteremsha. Mchezaji aliyefikisha uzoefu fulani hawezi kupelekwa AHL kabla ya timu nyingine zote kupewa saa 24 za kumchukua. Klabu ikiogopa kumpoteza, humweka jukwaani. Vijana wapya husamehewa kanuni hiyo kwa muda fulani, kulingana na umri wao waliposaini na idadi ya mechi walizocheza.

Ya pili ni mkataba. Kijana wa miaka 18 au 19 aliyesaini mkataba wa kwanza anaweza kucheza mechi tisa za NHL bila mwaka wa kwanza wa mkataba kuhesabiwa. Mechi ya kumi huuanzisha. Klabu nyingi hufanya uamuzi wao hapo.

Ya tatu ni makubaliano na ligi za vijana za Kanada. Kwa miaka mingi, kijana aliyetoka huko kabla ya kufikisha miaka 20 alikuwa na njia mbili tu: abaki NHL au arudi kucheza na vijana wenzake. Wright aliweza kucheza AHL mwaka wa 2023 kwa ruhusa maalum. Hivyo baadhi ya vijana walikaa benchi kwa sababu njia ya katikati ilikuwa imefungwa.

Hili linahusuje vijana wa hapa nchini?

Hoki ya barafuni ipo Kenya, ingawa kwa kiwango kidogo. Uwanja wa barafu ulio katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ndio nyumbani kwa timu ya Kenya Ice Lions, na mwaka wa 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Hata hivyo, vijana wengi hukutana na swali hili katika hoki ya kawaida, kandanda, voliboli, mpira wa vikapu na raga.

Michezo hiyo haifanani katika jambo hili. Katika hoki ya uwanja wa kawaida, wachezaji hubadilishwa bila kikomo, hivyo wa akiba anaweza kupata dakika nyingi. Katika kandanda, mchezaji akitoka harudi, na idadi ya mabadiliko ina kikomo. Chipukizi wa kandanda anaweza kumaliza msimu mzima akipasha misuli moto kando ya mstari.

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za michezo na viwanja vyake. Kwa mtazamo huo, uwanja wa wadi na ligi ya mashinani si vitu vya kupitisha wakati tu. Ndipo mahali ambapo kijana asiyepata nafasi katika timu kubwa anaweza kuendelea kucheza badala ya kuacha mchezo.

Mambo ya kuuliza kabla ya kuamua

Kwa mzazi au mlezi:

• Mtoto amecheza dakika ngapi katika mechi tano zilizopita? Hesabu dakika, si mara alizotajwa kikosini.
• Kocha anaweza kutaja jambo mahususi analotaka kijana aboreshe, na lini atampima tena?
• Akihamia timu ndogo, nani atamfuatilia, na njia ya kurudi ni ipi?
• Masomo yake yatakuwaje? Timu iliyo karibu na shule inaweza kumfaa kuliko yenye jina kubwa iliyo mbali.
• Mkataba au fomu ya uhamisho imesomwa yote kabla ya kutiwa saini?

Kwa kocha:

• Mweleze kijana sababu ya kuachwa nje siku hiyohiyo, kwa lugha ya upole na bila kuficha.
• Usimweke akiba kwa kuogopa tu kwamba timu jirani itamchukua. Kumkopesha kwa msimu mmoja kunaweza kukurudishia mchezaji bora zaidi.
• Anayepelekwa timu ya chini apewe kazi ileile atakayotakiwa kuifanya akipanda.
• Kipa kijana atafutiwe mechi mapema kuliko wengine.

Kwa mchezaji:

• Ukiwa akiba, jiandae kama anayeanza, lakini weka tarehe ya kukaa na kocha na kuzungumzia nafasi yako.
• Ukiteremshwa, usicheze kwa hasira. Wanaokutazama wanataka kuona kama unatawala kiwango hicho kabla ya kukupa kingine.

Miaka kati ya 17 na 22 ndiyo ambayo mwili na akili ya mchezaji hujengeka kwa kasi, na hairudi. Jezi ya timu kubwa inaweza kusubiri mwaka mmoja, kama ilivyomsubiri Wright. Mzazi anayetaka kujua mtoto wake yuko wapi katika safari hiyo ataanza vyema kwa kumuuliza swali moja kila jioni ya mechi: leo umecheza dakika ngapi, na ulipewa kazi gani?